Jinsi ya kuingiza hela ya ziada ukiwa na ajira: hesabu saa zako kwanza, mtaji baadaye

Jamani watu wengi wananiuliza, ofisini na mtaani, dada unafanyaje, una kazi, una watoto, na bado kila mwezi unaingiza laki na kitu nje ya mshahara. Leo naandika yote nnayoyajua, taratibu, ili anayetaka kuanza asipite kwenye hasara nilizopita mimi. Mi nakaa Dar es Salaam, Mbagala, ofisi iko Posta, na kazi yangu ya ziada ni mitumba ya kike ambayo nauza kwa simu, sina fremu wala kibanda. Kama we uko Mwanza au Arusha au Mombasa majina ya masoko yatabadilika lakini hesabu ni ileile.

Kabla hujawaza mtaji, chukua kalamu uhesabu saa. Najua kila mtu anaanza na hela, "nina laki moja nifanye biashara gani", na mimi nilianza hivyohivyo, ila kwa mtu aliyeajiriwa kitu kinachokuangusha mapema ni muda, hela inafuata. Wiki ina saa 168. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mimi ndo hizo kamili, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku tano. Foleni ya Kilwa Road kwenda na kurudi weka saa 3 kwa siku, hizo 15. Kulala saa 7, kwa wiki 49, na hizo usizipunguze hata kidogo maana ukianza kuzila utaumwa na utalipa hospitali hela yote uliyoitafuta. Kupika, kufua, kuangalia madaftari ya watoto, saa 4 kwa siku, hizo 28. Ukitoa zote zinabaki 31.

Sasa ukiona 31 unafurahi, unasema mbona nyingi. Subiri kwanza. Kuna ibada, kuna msiba, kuna vikao vya harusi, kuna mgeni kaja bila taarifa, kuna siku umechoka tu mwili hautaki. Mi nilikaa mwezi mzima naandika kila usiku kabla ya kulala leo nilikuwa na saa ngapi za bure kweli, na nikakuta saa zangu halisi ni 12 kwa wiki. Jumamosi asubuhi saa 5, jioni za siku za kazi saa moja moja, na Jumapili jioni saa 2. Basi. Na hizo 12 zenyewe hazifanani, maana zile 5 za Jumamosi zimeshikana, naweza kwenda sokoni nikarudi, lakini zile za jioni ni vipande vipande, mara mtoto anaita, mara umeme umekatika, hapo naweza kupiga pasi na kujibu meseji ila siwezi kutoka nyumbani. Kwa hiyo ukisikia kazi yoyote ya ziada inasifiwa, swali la kwanza jiulize inataka saa za aina gani, za kushikana au za vipande, na je inataka uwepo nyumbani mchana wakati we uko kazini.

Hilo swali sikujiuliza nilipofuga kuku. Nilileta vifaranga 100 vya broila, nikasoma kwamba kuku wa nyama ni wiki 4 mpaka 6 unauza, nikaona ni rahisi. Broila anataka mtu siku nzima. Wiki za mwanzo unaangalia joto, wakisongamana kwenye kona ujue wana baridi, wakikaa mbali na jiko huku wanahema ujue wamezidiwa na joto, maji yanabadilishwa, chakula kinaongezwa, na chanjo za mdondo na Gumboro zina siku zake hazisubiri. Mi nilikuwa natoka ofisini nafika Mbagala duka la dawa za mifugo limeshafungwa, nikaipitisha Gumboro siku kadhaa nikijiambia kesho, kesho. Nilibaki na kuku 41. Sisemi kuku ni biashara mbaya, jirani yangu mama mtu mzima anashinda nyumbani na anafuga vizuri sana na anasomeshea wajukuu, ila yeye anazo saa za mchana, mimi sina.

Nikutajie na nyingine kwa haraka, uone zinavyokaa kwenye saa. Kama una kompyuta na unajua kuandika vizuri, kuna kusaidia watu kuomba kazi kwenye Ajira Portal, kutengeneza sivii, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB kwa watoto wanaoingia chuo, hiyo inafaa sana saa za vipande, ila ya mkopo ni ya msimu, dirisha likifungwa kazi imeisha. Ukifanya hii kuwa mwangalifu na siri za watu, paswedi ya mtu usibaki nayo, na mfundishe aibadilishe mbele yako. Tuisheni ya watoto wa majirani inataka uwepo wako kila siku saa ileile, ukikosa mara mbili wazazi wanahama. Sabuni ya maji inatengenezeka Jumapili moja, malighafi zipo Kariakoo, salfoniki, slesi, soda ash, ila ile salfoniki inaunguza ngozi vaa glavu na watoto wasikaribie, na shida kubwa ya sabuni siyo kutengeneza, ni kubeba, lita 20 utazipeleka vipi ofisini kwa daladala? Ubuyu, karanga, visheti vinauzika ofisini kirahisi sana lakini faida ya pakiti moja ni ndogo na unasimama jikoni usiku.

Mi nikachagua mitumba kwa sababu inakaa vizuri kwenye saa zangu: kununua Jumamosi asubuhi, kufua na kupiga picha Jumapili, kuuza jioni kwa simu. Nitaieleza hii kwa urefu kwa sababu ndo naijua.

Jumamosi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili niko soko la mitumba la Karume, pale Ilala jirani na uwanja. Ukifika saa nne umeshachelewa, kizuri chote kimeondoka na wenye maduka. Pale belo zinapofunguliwa mwenye mzigo anasimama juu, ananyanyua moja moja anataja bei, wanawake wamezunguka, mikono juu. Wiki tatu za mwanzo usinunue kitu pale mbele, simama uangalie tu, sikiliza bei inavyoanza na inavyoshuka, jua nani anauza magauni, nani mashati, nani anafungua mzigo gani na siku gani. Blauzi ileile inaweza kuanza buku saba, yaani elfu saba, saa moja asubuhi na saa tano iko kwenye fungu la jero jero, mia tano tano, tofauti ni kwamba ya saa tano imeshapitiwa na macho mia. Mi nasimama katikati, nanunua ile awamu ya pili, bei imepoa kidogo lakini bado vipo vizuri, na wastani wangu unakaa buku nne kwa nguo.

Na chagua aina moja. Hili nasisitiza. Mi ni blauzi na magauni ya ofisini tu, saizi kubwa, kwa sababu nakaa na wanawake wa ofisini kila siku najua wanalalamika nini, wanasema nguo nzuri zote ni za wembamba. Nilipokuwa nachanganya, suruali za jinzi za vijana, nguo za watoto, mikoba, nilikuwa na mzigo mwingi na wateja hawajui mi nauza nini hasa. Kuna na vitu ambavyo huvigusi kabisa: nguo za ndani za mtumba TBS, wale wa viwango, walishapiga marufuku, hata ukizikuta zimepangwa pale zinang'aa pita.

Ukishika nguo iangalie hivi. Inyanyue uelekeze kwenye mwanga, matundu madogo ya wadudu utayaona hapo na siyo ikiwa mezani. Kwapani, hapo jasho linaacha doa la njano ambalo halitoki hata ufanyeje, usidanganywe na "utafua dada". Kola ndani. Zipu ipande na ishuke mara mbili, siyo mara moja. Mshono wa ubavuni uvute kidogo uone kama uzi umeoza. Vifungo hesabu, kikikosekana kimoja angalia ndani kwenye lebo ya pembeni, mara nyingi cha akiba kimeshonewa hapo. Kama ni rangi kali, nyekundu au bluu ya giza, lowesha kidole usugue sehemu ya ndani, ikikupaka rangi iache maana itaharibu nguo nyingine za mteja na atakukumbuka kwa ubaya. Na usiamini namba ya saizi, 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, kwenye belo moja zimechanganyika, kwa hiyo tembea na futi ya fundi cherehani upime kifua na kiuno kwa inchi.

Nyumbani loweka usiku kwa sabuni ya unga, suuza, anika juani, piga pasi mbele na nyuma. Usiuze mtumba haujafuliwa. Najua wengi wanauza hivyohivyo na ile harufu yake, lakini hapa ndo unapopata ile buku mbili tatu ya juu, mteja anapokea nguo inanukia, imenyooka, iko kwenye mfuko safi, anaona amenunua dukani. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, nguo hazikauki, hapo nanunua nusu ya mzigo wa kawaida, maana nguo ikikaa na unyevu inapata vidoa vyeusi vya ukungu na hasara ni yako.

Picha piga Jumapili jioni jua limeshapoa, karibu na dirisha, nguo iwe kwenye henga ukutani, ukuta mweupe usio na kalenda wala mapazia. Picha tatu kwa nguo: mbele, nyuma, na lebo. Kama ina kasoro piga picha ya kasoro pia uiweke. Kweli kabisa, iweke, andika "ina kidoa hapa chini kwenye pindo, nimetoa buku mbili". Mi nilikuwa naficha mwanzoni, nikarudishiwa gauni mbele ya ofisi nzima, niliona aibu mpaka leo nikikumbuka. Tangu nianze kuonyesha kasoro sijarudishiwa nguo hata moja na zenye kasoro bado zinanunuliwa.

Halafu bei. Andika bei. Ndugu zangu, hii habari ya "bei njoo inbox" inafukuza watu, mteja yuko kwenye daladala amebanwa, bando lake linaisha, hataki mazungumzo, anataka kujua ni buku ngapi na kifua inchi ngapi ili aseme nachukua. Andika "kifua 44, urefu mpaka chini ya goti, 9,000, wa kwanza kulipa ndo anachukua". Naweka status ya WhatsApp saa mbili usiku, watu wameshakula wametulia. Kumbuka status inakaa saa 24 tu na anaiona yule ambaye mmeseviana namba, kwa hiyo kila mteja mpya muombe asevu namba yako kabla hata hajalipa. Kuna na zile orodha za kutuma meseji moja kwa watu wengi kwa pamoja, broadcast, mwisho watu 256, nazo zinafika kwa waliokusevu tu. WhatsApp Business ni bure, ina katalogi na lebo za kuweka wateja kwa mafungu, mi nina lebo ya "kifua 44 na kuendelea", nguo yao ikiingia nawatumia wao kwanza kabla ya status. Hao ndo wananilisha.

Kupokea hela tumia laini tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani, au chukua lipa namba. Ukichanganya hela ya gauni na hela ya umeme hutajua kamwe kama unapata au unapoteza. Delivari analipa mteja, wa bodaboda au tukutane kituoni njia nnayopita kwenda kazini, wa mkoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi na risiti ya mzigo nampigia picha namtumia.

Mkopo sasa. Ofisini watakwambia nitakupa mwisho wa mwezi, na ni marafiki zako, mnakula wote mchana, inauma kukataa. Mi nafanya hivi: lipa nusu, nguo nakutunzia siku 14, ukimalizia unachukua, usipomalizia nauza narudisha nusu yako. Nguo haitoki mkononi. Mwanzoni walinuna, sasa wamezoea na urafiki upo palepale, ambao ungekufa kama ningekuwa nawadai.

Twende kwenye hesabu maana hapa ndo watu wanajidanganya. Tuseme wiki hii umenunua nguo 12 kwa wastani wa 4,000, hiyo 48,000. Nauli na chai sokoni 4,000. Bando 3,000. Sabuni, umeme wa pasi, mifuko 3,000. Umetoa 58,000. Ukauza 8 kwa 9,000, hiyo 72,000, mbili zenye kasoro kwa 7,000, hiyo 14,000, na mbili zimebaki. Umeingiza 86,000, faida 28,000. Mtu anayehesabu nguo peke yake angesema faida ni 38,000, na atazitumia zote, na baada ya miezi miwili atashangaa mtaji uko wapi. Mimi ndo ilinikuta, mwezi wangu wa tatu wa biashara nilienda Karume na elfu kumi na tano mkononi.

Sasa gawa hiyo 28,000 kwa saa ulizotumia. Mi natumia kama 11 kwa wiki, inakuja 2,500 na kidogo kwa saa. Hiyo namba iandike ukutani. Mtu akikuletea wazo lingine pigia hesabu hivyohivyo, faida baada ya gharama zote, gawa kwa saa, ndo ulinganishe. Sabuni ilinipa chini ya buku kwa saa ukihesabu na kubeba, ndo nikaiacha japo kila mtu alikuwa anaisifia.

Kila kitu andika kwenye daftari, tarehe, kilichotoka, kilichoingia. Ukiuza 86,000 kila wiki kwa mwaka inafika 4,472,000, hiyo siyo hela ya kuchezea. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo asiye na kipato kingine, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu alikadiriwa kodi ya laki moja kwa mwaka, anayetunza alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, ambayo kwa mauzo hayo ni 14,160. Angalia tofauti inayoletwa na daftari la buku. We mwenye mshahara hesabu yako inakaa tofauti, kwa hiyo pita ofisi ya TRA, watu wa kodi, uulize mwenyewe na daftari lako mkononi, na TIN, ile namba ya mlipakodi, inatolewa bure, mtu akikwambia lipa elfu thelathini nikushughulikie huyo ni kishoka.

Na mwajiri wako usimsahau. Soma mkataba, kuna mikataba inakataza kazi nyingine au inataka utoe taarifa. Usipige picha za nguo ofisini, usijibu wateja saa za kazi, mi simu ya biashara naizima saa mbili asubuhi naiwasha saa saba mchana nakula, naizima tena. Dada mmoja nilifanya naye kazi zamani alikuwa anachapishia watu kazi zao kwenye printa ya ofisi, alipoteza ajira kwa hela ambayo haikufika hata nusu ya mshahara wa mwezi mmoja.

Kuhusu hizi kazi za mtandaoni za kulaiki video, kubonyeza matangazo, lipa elfu hamsini ya usajili upate elfu tano kila siku: ukiona unalipa ili upewe kazi, na ukiambiwa ukileta wenzako unaongezewa, toka. Waliokuwepo 2009 wanaikumbuka DECI, ule upatu haramu, watu waliuza vitu vya ndani wakapanda "mbegu" mpaka serikali ilipoifunga, na simu imebadilisha sura tu. Na mtaji usiukope kwenye hizi aplikesheni wala kwa wale wakopeshaji wa mtaani wa kausha damu. Riba ya wiki inazidi faida ya wiki, hesabu uliyoiona hapo juu haina nafasi ya riba. Bora uweke elfu kumi kila mshahara kwenye kibubu au kikoba miezi mitano sita, na hiyo miezi ndo unaitumia kusimama sokoni kuangalia bei bila kununua.

Mzigo usiulundike. Soko la Karume liliungua Januari 2022 na watu waliamka hawana hata shati la kuanzia, mali yote ilikuwa pale. Mi nguo zangu haziwahi kuzidi 30 na zinalala nyumbani kabatini. Nguo ikifika wiki ya tatu haijauzwa naishusha hadi bei niliyonunulia, ikifika ya tano natengeneza fungu, tatu kwa buku kumi, nampelekea mama anayeuza gengeni kwetu anawauzia wenzake na namwachia buku mbili. Desemba na wiki mbili kabla ya Idi nanunua mara mbili ya kawaida kuanzia mapema, maana wiki yenyewe ya sikukuu bei ya sokoni inapanda. Januari sinunui kabisa mpaka tarehe ishirini na kitu, kila mtu yuko kwenye ada na sare za shule, naitumia kufua zilizobaki, kurekebisha zipu kwa fundi, na kupitia daftari la mwaka mzima nione ni saizi gani iliyotoka haraka.